Bima Si Upatu

Mimi nilikulia Tanga, chini ya bati, na mtoto wa nyumba ya bati haambiwi kama mvua ni kubwa au ndogo. Bati lenyewe humwambia. Manyunyu yana sauti yake, masika yana yake, na embe likidondoka usiku wa manane nyumba nzima huamka. Bati likitoboka huhitaji mtaalamu wa kukuambia. Asubuhi jua linaingia kama uzi, jioni mvua inapita palepale, sufuria inawekwa chini, na kesho yake fundi anaitwa na misumari yake na kipande cha lami.

Hapa Texas mapaa hayasemi. Nyumba nyingi za mitaa yetu hii, kuanzia Arlington na Grand Prairie hadi Fort Worth, zimeezekwa vigae vya lami, vile vipande vyembamba kama zulia gumu vilivyonyunyiziwa changarawe laini juu. Chini ya vigae kuna karatasi, chini ya karatasi mbao, chini ya mbao darini pamejaa pamba ya kuzuia joto. Mvua inyeshe usiku kucha, wewe umelala. Ndiyo maana usiku ule wa mwezi wa nne, mwaka juzi, niliposikia kishindo juu ya kichwa changu, wazo la kwanza lilikuwa kwamba kuna mtu anatupiga mawe. Sikukosea sana. Mawe yalikuwepo, mtu ndiye hakuwepo.

Ilichukua dakika nane, labda kumi. Asubuhi mtaa mzima ulikuwa nje na nguo za kulalia, kila mmoja ameshika barafu yake. Wako waliozipanga kando ya mayai ya kuku wazipige picha. Kioo cha gari langu kilikuwa na ufa wa umbo la buibui. Nikainua macho kutazama paa: hakuna kitu. Limekaa kimya kama lilivyokaa siku zote. Ilipofika saa nne asubuhi, kijana aliyevaa fulana yenye nembo alikuwa mlangoni kwangu, ngazi begani, akiniambia kwa uhakika mkubwa kwamba paa langu limekufa.

Mazungumzo ya leo yanahusu uamuzi unaofuata kishindo kama kile. Unadai bima, au hudai? Nimeyaahirisha mara mbili kwa sababu nilitaka kwanza yangu yaishe, niseme ninalolijua.

Kwanza tusiwalaumu wenyeji wa hapa kwa kuogopa mawingu. Kaskazini mwa Texas, kati ya mwezi wa tatu na wa sita, mvua ya mawe ni sehemu ya kalenda. Wazee wa Fort Worth bado wanaitaja ile ya tarehe 5 Mei 1995, iliyowakuta watu wakiwa kwenye sherehe uwanjani, hawana pa kujificha. Tarehe 11 Aprili 2016 mji wa Wylie, kaskazini-mashariki mwa Dallas, ulipigwa na mawe makubwa kama mpira wa besiboli, na kesho yake usiku ikawa zamu ya San Antonio, hasara ikapita dola bilioni moja. Idara ya hali ya hewa ya Marekani huihesabu mvua ya mawe kuwa ya hatari pale jiwe linapofika inchi moja, karibu upana wa ile sarafu ya robo dola. Chini ya hapo, paa lenye afya huwa linastahimili. Juu ya hapo, inategemea umri wa vigae, upepo unatoka wapi, na bahati.

Na kwa wale wanaodhani mvua ya mawe ni mambo ya Wazungu: milima ya Kericho na Nandi, kule Kenya, ni miongoni mwa sehemu zinazoangukiwa na mawe mara nyingi zaidi duniani. Muulize mkulima wa chai. Ila kule mawe huchana majani, na anayepata hasara ni mwenye shamba. Bati hubaki na mabonde-mabonde yake, maisha yakaendelea. Hatukurithi kutoka nyumbani namna ya kufikiria paa ambalo linaweza kuharibika bila kuvuja. Wala hatukurithi bima ya nyumba. Wengi wetu tuliikuta benki ilipotuambia kwamba bila bima hakuna mkopo, tukatia sahihi, tukaiweka karatasi kwenye droo pamoja na kadi za chanjo za watoto.

Sasa, wasikilizaji, nimekuwa nikisikiliza simu zenu tangu masika yaanze, na naona tumegawanyika makundi mawili.

Kundi la kwanza wanasema: nimelipa miaka tisa, sijawahi kuomba hata senti, sasa zamu yangu imefika. Hawa wanaichukulia bima kama upatu. Kwenye upatu watu kumi wanatoa, kila mwezi mmoja anapokea, na hata yule wa mwisho analala vizuri kwa sababu jina lake limo kwenye daftari. Bima haina daftari la zamu. Ukitaka kuilinganisha na kitu chetu, ilinganishe na chama cha misiba. Karibu kila jumuiya yetu hapa ughaibuni inacho: mtu akifiwa tunachanga, mwili unasafirishwa, matanga yanafanyika. Na sijawahi kumsikia mtu akisimama kwenye mkutano kulalamika kwamba amechangia miaka kumi na bado hajafiwa.

Kundi la pili ni waoga. Kwao kupiga simu ya bima ni sawa na kumwamsha simba: utaandikwa, utapandishiwa ada, utafukuzwa. Mtu wa kundi hili anapigwa na dhoruba ya haki kabisa, paa limechanika, anatafuta fundi wa kumalizana naye kwa fedha taslimu, huku kila mwezi akiendelea kulipa ada ile ile ya bima. Nikiulizwa yupi anapoteza zaidi, nitasema huyu. Yule wa upatu angalau anapiga simu.

Wote wawili wana ugonjwa mmoja: hawajaisoma karatasi. Nami nilikuwa hivyo, kwa hiyo naomba nisionekane nafundisha.

Neno la kwanza la kulitafuta kwenye karatasi ni lile wenyeji wanaloliita didaktibo. Ni lile fungu la hasara ambalo ni lako wewe, kampuni hailigusi. Kwenye gari tumelizoea, dola 500 au 1,000, basi. Kwenye nyumba, hapa Texas, fungu la upepo na mvua ya mawe mara nyingi huandikwa kwa asilimia, na asilimia hiyo haihesabiwi kwenye hasara. Inahesabiwa kwenye kiasi chote ambacho nyumba imekatiwa bima. Hapo ndipo tunapoteleza. Mtu anaona asilimia 2, anatabasamu, anadhani paa la dola 10,000 litamtoa dola 200. Nyumba iliyokatiwa bima ya dola 320,000, asilimia 2 yake ni dola 6,400. Hiyo ndiyo nyumba yangu, na hiyo ndiyo namba niliyoigundua siku ile, nikiwa nimekaa jikoni, kijana wa ngazi anasubiri barazani.

Neno la pili linahusu umri. Kuna mikataba inayolipa gharama ya kuweka paa jipya, na kuna inayolipa thamani ya paa kama lilivyokuwa dakika moja kabla ya jiwe la kwanza, yaani baada ya kutoa uchakavu. Tofauti yake ni kama mtu akikugongea baiskeli ya zamani: mmoja anakununulia mpya, mwingine anakulipa bei ya mnadani. Mkataba wangu, nilipoununua, ulikuwa wa aina ya kwanza. Lakini makampuni mengi siku hizi, paa likishazeeka, huligeuza kimyakimya kuwa aina ya pili wakati wa kuhuisha mkataba. Wangu nao uligeuzwa, na wananiambia walinitumia taarifa. Ni kweli, ilikuwemo ndani ya bahasha, ukurasa wa sita, kati ya tangazo la kulipa kwa simu na salamu za mwaka mpya.

Basi nikachukua kalamu. Paa zima jipya, kwa bei nilizopewa na mafundi wawili, dola 17,000. Langu lilikuwa na miaka 15, na vigae vyangu kampuni inavihesabia maisha ya miaka 25. Kwa hiyo asilimia 60 ya thamani imekwisha kuliwa na jua, ambayo ni dola 10,200. Inabaki 6,800. Toa didaktibo ya 6,400. Msikilizaji, katika hasara ya dola 17,000, kampuni ingeniandikia hundi ya dola 400.

Na hiyo ni kama mkadiriaji wa bima angekubali kwamba paa zima limekufa. Angesema ni miteremko miwili tu ya paa, ningepata sifuri, na jina langu lingeingia kwenye kumbukumbu.

Tuizungumze hiyo kumbukumbu, maana ndiyo inayowatisha waoga wetu. Ipo. Inaitwa CLUE, inatunzwa na kampuni ya LexisNexis, na dai la nyumba hukaa humo miaka 7, hata lile lililofungwa bila kulipwa. Kampuni mpya unayotaka kuhamia huitazama kabla ya kukupa bei. Una haki ya kuomba nakala yako bure mara moja kwa mwaka, na nawashauri wanaotaka kununua nyumba wamwombe muuzaji awaonyeshe ya nyumba hiyo, kwa sababu historia ya nyumba nayo imo.

Lakini simba huyu ana kamba shingoni. Sheria ya bima ya Texas hairuhusu dai lililotokana na hali ya hewa lihesabiwe katika yale madai ambayo kampuni huyatumia kumwongezea mtu ada ya adhabu au kukataa kumhuishia mkataba. Vilevile, kuuliza si kudai: kampuni hairuhusiwi kukataa kukuhuishia mkataba eti kwa sababu ulipiga simu kuuliza kama kitu fulani kinalipwa. Ila uliza kama mtu anayeuliza. Sema wazi, nauliza mkataba wangu unasemaje, sifungui dai. Ukianza na hadithi ya tarehe na saa na mawe kama mayai, karani wa upande wa pili amekwisha kufungua faili.

Unachoweza kupoteza kihalali ni lile punguzo la kutodai, kama unalo. Na ada inaweza kupanda hata ukikaa kimya, kwa sababu baada ya dhoruba kubwa makampuni hupandisha bei ya eneo zima. Hilo linaudhi, najua. Wewe hukudai, jirani alidai, mkapandishiwa wote. Kumbukeni chama cha misiba.

Jirani huyo ninaye. Ni mzee wetu mmoja wa Goma, nyumba ya tatu kutoka kwangu, mvua ile ile, mawe yale yale. Alikuja jioni ameshika mkataba wake ndani ya mfuko wa nailoni. Tukaufungua mezani, chai na maandazi pembeni. Nyumba yake imekatiwa bima ya dola 300,000, didaktibo asilimia 1, yaani dola 3,000. Paa lina miaka 8. Na mkataba ni wa gharama ya paa jipya. Nikaona wivu, naungama.

Kwake hakukuwa na la kujadili. Alikuwa ameanza kusema anaogopa, kwamba yeye ni mgeni nchi za watu, kwamba labda amwachie Mungu. Nikamwambia, mzee wangu, Mungu amekwisha kujibu, jibu liko ukurasa wa pili.

Kabla hajapiga simu tulifanya mambo machache, na haya ndiyo ningependa myashike. Hatukupanda juu. Mtu wa miaka 60 na zaidi hana kazi juu ya paa lenye changarawe zilizolegea. Tulizunguka nyumba tukiwa chini. Mwisho wa bomba la gata, pale maji yanapomwagikia, palikuwa na changarawe nyeusi kama mchele uliomwagika. Hizo zimetoka kwenye vigae. Gata zenyewe zilikuwa na mabonde. Kile kiyoyozi kinachokaa nje, mabati yake membamba yalikuwa yamelala upande mmoja kana kwamba mtu amepitisha mkono. Vitu laini vya chuma ndivyo mashahidi wa kwanza, kwa sababu haviwezi kuficha. Tulipiga picha za kila kitu, moja ya karibu na moja ya mbali, pamoja na picha za barafu alizopiga mjukuu wake ile asubuhi.

Mkadiriaji alipokuja, nilikuwepo. Mzee aliniomba, na kwa kweli nilitaka kuona. Alipanda na chaki, akachora kwenye kila mteremko mraba wa futi kumi kwa kumi, akaanza kuhesabu madonda ndani ya mraba. Donda la jiwe kwenye kigae huwa si tundu. Ni doa jeusi lililopoteza changarawe, na ukilibonyeza kwa kidole linabonyea, kama embe lililopondeka upande mmoja likiwa bado na ganda zima. Baada ya miezi, jua linalipasua doa lile, ndipo maji yanapopata njia. Wakadiriaji wazoefu wanajua pia madonda ya uongo. Wako mafundi wanaopanda na nyundo au sarafu kuyaongeza, na wanajisaliti, kwa kuwa mkono wa binadamu hupenda mpangilio, mawe hayana mpangilio.

Hapo inabidi nirudi kwa kijana wangu wa ngazi, nilimwacha barazani.

Alinipa mambo matatu kwa mpigo. La kwanza, karatasi ya kutia sahihi ili tu aruhusiwe kupanda kutazama. Niliisoma. Aya ya nne ilisema kwamba bima ikikubali kulipa, kazi ni yake. Hiyo si ruhusa ya kutazama, ni mkataba wa ndoa. Kwa bahati nzuri, sheria ya nchi nzima hapa Marekani inampa mtu aliyetia sahihi nyumbani kwake, kwa muuzaji aliyebisha hodi, siku 3 za kazi za kubadili mawazo. Bora zaidi, usitie.

La pili, alisema atazungumza na bima yeye mwenyewe, mimi nitulie. Sheria ya Texas inamkataza mwezekaji kukujadilia dai la paa ambalo yeye mwenyewe ndiye atakayeliezeka. Anaweza kusimama pale na mkadiriaji, wakaonyeshana madonda na bei. Kukusemea, hapana. Akusemee mtu mwenye leseni ya kazi hiyo, na huyo hapa haruhusiwi kuchukua zaidi ya asilimia 10 ya malipo.

La tatu ndilo tamu. Alisema didaktibo nisijali, wao wataimeza. Paa jipya, bure kabisa. Ndugu zangu, tangu tarehe 1 Septemba 2019 Texas ina sheria inayomtaka mwenye bima ailipe didaktibo yake, na mkandarasi anayeahidi kuimeza anatenda kosa la jinai linaloweza kumpeleka jela hadi siku 180 na faini hadi dola 2,000. Kampuni ya bima inaweza kukudai ushahidi kwamba umeilipa, iwe hundi iliyopita benki au risiti ya kadi, kabla haijatoa sehemu ya mwisho ya fedha. Na ukijiuliza huyo kijana angeimezaje dola 6,400, majibu ni mawili tu: ama anaipandisha bei kwa bima, ama anaishusha kazi kwako. Vigae vya bei poa, misumari michache, karatasi ya zamani inaachwa chini.

Jambo jingine linaloshangaza wengi wetu: kinyozi hapa Texas hawezi kukugusa kichwa bila leseni ya jimbo, lakini jimbo halitoi leseni ya waezekaji. Yeyote mwenye gari la mizigo na ngazi ni mwezekaji. Wanaifuata dhoruba kutoka mji hadi mji kama mbayuwayu wanavyofuata kumbikumbi, na wakishaondoka, ile dhamana ya miaka kumi waliyokuandikia huna wa kumpelekea. Mimi humwuliza fundi swali moja: mwaka juzi ulikuwa wapi? Akinitajia mtaa na nyumba alizoezeka, tunaendelea.

Nilimshukuru kijana, nikamwambia sihitaji. Aliniachia kadi. Kabla ya jua kutua nilikuwa nazo kumi na moja.

Mzee wa Goma alifungua dai siku ya tatu. Sheria inaipa kampuni siku 15 kukiri kwamba imelipokea, siku 15 za kazi kuamua baada ya kupata kila ilichoomba, na siku 5 za kazi kulipa ikishakubali. Kwake walikwenda ndani ya muda. Paa lilithaminiwa dola 17,000, kama langu. Hundi ya kwanza ikaja ya dola 8,560. Akanipigia simu akiwa amekata tamaa, kwamba wamemwibia nusu. Hawakumwibia. Walitoa dola 3,000 zake za didaktibo, na wakashikilia dola 5,440 za uchakavu hadi waone kazi imekamilika. Akishaezeka, akapeleka risiti ya fundi na ushahidi wa zile 3,000, zinazobaki zinakuja. Zilikuja. Wengi wetu tunaishia kwenye hundi ya kwanza, tukiamini mchezo umekwisha, na muda wa kudai sehemu ya pili unapita.

Dakika tano baadaye akapiga tena. “Jirani, hii cheki iko na majina mbili. Huyu wa pili ni nani?”

Nikamwambia asome vizuri. Ilikuwa benki ya mkopo wake. Fedha za kutengeneza jengo huandikwa kwa majina ya wote wawili, na benki lazima itie sahihi kabla hundi haijapokelewa. Wakati mwingine benki huishika fedha yenyewe na kuitoa kidogo kidogo kazi inavyokwenda. Kama fundi wako anataka kulipwa siku ya kumaliza, mwambie hilo mapema.

Na mimi? Sikudai. Dola 400 haziwezi kununua miaka saba ya maelezo. Lakini kutodai hakukuwa ruhusa ya kuliacha paa lilivyo. Ukiliacha, mawe ya mwaka kesho yakija, mkadiriaji atasema madonda haya ni ya zamani, naye atakuwa na haki. Kampuni pia hutuma watu kupiga picha za mapaa kutoka juu, na paa bovu ni sababu ya kutohuishiwa mkataba. Nilimwita fundi mmoja wa Mansfield anayejulikana na watu wa kanisa la jirani zangu. Alipanda, akashuka, akasema miteremko miwili ya magharibi ndiyo iliyoumia kweli, iliyobaki inaweza kwenda miaka kadhaa. Alinitoza dola 4,300. Iliuma. Risiti ninayo, na picha za kabla na baada zimo kwenye simu na kwenye barua pepe pia.

Wakati wa kuhuisha ulipofika nikampigia wakala, safari hii nikiwa na kalamu, nikauliza didaktibo ya asilimia 1 inaongeza kiasi gani kwa mwaka. Akaniambia. Nikauliza paa likirudishwa kwenye mkataba wa gharama mpya. Akasema kwa umri wake, haiwezekani, hadi niezeke upya. Na nikiezeka kwa vile vigae vinavyostahimili mawe, daraja la nne, kuna punguzo la ada. Sasa naweka akiba kila mwezi kwa ajili ya siku hiyo, kwenye akaunti yake peke yake. Mke wangu anaiita upatu wa mtu mmoja.

Kazi ya fundi ilikuwa safi, ila vigae vipya ni vyeusi kuliko vya zamani vilivyokwisha kupauka. Ukiwa barabarani nyumba yangu inaonekana kama kanzu yenye kiraka mgongoni. Chama cha wenye nyumba wa mtaa wetu kimeniandikia barua kuhusu rangi. Nitaijibu.

Mvua ya kwanza baada ya matengenezo ilikuja usiku wa mwezi wa sita, ya maji matupu. Nilichukua tochi nikapanda darini, nikatambaa juu ya mbao hadi upande wa magharibi, nikapapasa. Pakavu. Nilikwisha kuona nilichokwenda kuona, lakini sikushuka upesi. Pale juu, kichwa kikiwa karibu na mbao, ndiyo sehemu pekee ya nyumba hii ambapo mvua inasikika.